Kadigani Yenye Kipande cha Mbele

Simu ya Adoyo iliingia Hellen akiwa ameshafukia makaa na kuvua viatu.

"Mama Chelimo, mtoto amebadilika rangi," Adoyo alisema, akihema kama mtu anayepanda mlima. "Mdomo umekuwa buluu. Na mikono. Tuko njiani tunampeleka hospitali."

"Anapumua?"

"Analia. Sijui. Wacha tufike kwanza."

Ikakatika. Hellen alipopiga tena, simu ya Adoyo haikupatikana. Ya bintiye Chelimo iliita mpaka ikachoka. Ya Johnstone, mume wa Chelimo, ilipokelewa na kukatwa papo hapo, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, maana Johnstone alikuwa kijana wa adabu. Hakuwa mtu wa kumkatia mama mkwe simu.

Mtoto mwenyewe hakuwa amemaliza hata juma moja duniani. Walimwita Aloo, jina la nyanya ya Johnstone. Hellen alimwona wodini siku aliyozaliwa, amefungwa nguo juu ya nguo, uso tu ukiwa nje, na hakumpakata. Kulikuwa na Adoyo, mama yake Johnstone, aliyetoka upande wa ziwa kuja kulea uzazi, na wauguzi walikuwa wanawafukuza wageni. Hellen alijiambia hakuna haraka. Chelimo alikuwa amekwisha kumwambia: Mama Johnstone akirudi kwao, yeye ndiye atakayekuja kukaa.

Sasa alikaa kwenye kigoda karibu na mashine yake ya kufuma, simu mapajani. Kutoka Cheptiret, alikoishi, hadi kwa akina Chelimo katika mtaa wa Munyaka, Eldoret, mchana ni safari fupi tu; usiku, kwa mwanamke peke yake, hakuendeki. Malori ya Nakuru yalipita barabarani na bati la nyumba likatetemeka. Kila lori lililopita lilimpita yeye kifuani kwanza. Aliomba. Kisha akaacha kuomba akaanza kufikiri, na kufikiri ndiko kulikomtesha. Kwa sababu alijua mtoto alikuwa amefungwa kitambaa gani, na kuhusu kitambaa kile kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake.

Hellen hakuwa mtu wa maneno. Alitoka shule darasa la sita, mama yake alipougua, na tangu hapo mambo yake mengi aliyajua kwa macho. Kufuma alifundishwa na mke wa mchungaji, wasichana wamekaa kwenye nyasi nyuma ya kanisa, sindano zao zikiwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwa jiwe. Wenzake walichoka mmoja mmoja. Yeye aliendelea mpaka akapata mashine, na kwa miaka mingi watoto wa shule za Cheptiret, na wengine wa kule Plateau, walivaa sweta zilizotoka mikononi mwake. Hakuhitaji futi. Mtoto akisimama mlangoni, Hellen alimtazama mabega mara moja akasema, "Njoo Ijumaa." Wanawake wa sokoni walikuwa wakitaniana kwamba usipite mbele ya duka la Hellen kama una mimba unayoificha, atakuwa ameshaijua kabla ya mumeo.

Mumewe alikwenda Kitale kutafuta shamba la kukodisha, akapata shamba pamoja na mjane mwenye shamba, asirudi. Wakabaki watatu: Hellen, mwanawe Kipchumba, na Chelimo aliyemfuata.

Kipchumba alipopata nafasi ya kusomea umeme mjini, Hellen alimfumia sweta kwa mkono, si kwa mashine. Uzi aliupata kwa rafiki yake Ciru, muuza mitumba: koti zito la kizee la rangi ya damu ya mzee, sufu tupu, ambalo hakuna mtu aliyelitaka. Hellen alilifumua jioni kwa jioni. Uzi haukutosha, akausokota pamoja na uzi mwembamba wa manjano ili uwe mnene kidogo na uende mbali zaidi. Ikatoka sweta ambayo haikuwa na ndugu yake popote. Ukiitazama kwa mbali ni damu ya mzee. Ukiisogelea, unaona manjano yanapita ndani yake kama nyasi kavu kwenye udongo. Kipchumba aliivaa mpaka viwiko vikatoboka, Hellen akavitia viraka, akaivaa tena.

Jioni aliyokufa hakuwa ameivaa. Ilikuwa imefuliwa, inakaukia jikoni. Chelimo alikuwa ametoka Eldoret, akashuka steji ya ng'ambo ya barabara, mvua ya mawe ikamkuta hapo. Alipiga simu nyumbani.

"Kipchumba, si uniletee mwavuli."

"Wewe ni sukari, utayeyuka?"

"Njoo bwana, nywele zangu nimesuka leo."

Hellen alimsikia mwanawe akicheka. Alimwona akichukua mwavuli nyuma ya mlango na kutoka mbio. Lori lilikuwa linashuka kuelekea Nakuru na dereva alisema baadaye kwamba mvua ilimziba macho. Mwavuli uliokotwa mtaroni. Haukuwa umevunjika hata ubavu mmoja.

Siku za matanga, wanawake walijaa sebuleni. Mmoja alisema ni Mungu amependa. Mwingine alisema ni barabara, hiyo barabara inakula watoto wa watu kila mwaka. Mwingine akasema ni mvua, mvua ile ilikuwa mbaya. Hellen, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chai imepoa:

"Mvua haiui mtu."

Alipoinua macho, alimwona Chelimo mlangoni na sinia la vikombe. Vikombe havikuanguka. Chelimo alizunguka akawapa watu wote chai, mmoja baada ya mwingine, akampa na mama yake, akatoka nje.

Maji yakimwagika hayazoleki. Chelimo alihamia Eldoret, akauza dukani, akaolewa na Johnstone, fundi wa mashine katika kiwanda cha unga. Kila Jumapili alipiga simu. Aliuliza juu ya ng'ombe, baridi, kanisa. Hakuwahi kumkosea mama yake heshima, na Hellen alikuwa radhi akosewe heshima, atukanwe hata, ili mradi binti yake aseme kitu. Mara kadhaa alikwenda Munyaka akiwa na neno mdomoni. Akakaribishwa, akanywa chai, akarudi nalo.

Kisha, mwaka huu, baada ya salamu za ng'ombe na baridi, Chelimo alisema, "Mama, nifumie kitu."

Hellen alisubiri.

"Sweta zangu zote hazifungi sasa. Nikivaa ya Johnstone mabega yanaanguka. Na hii baridi ya Julai inaniingia moja kwa moja tumboni. Lakini isiwe ya kuvaa miezi miwili halafu nitupe nikishazaa. Uko na akili ya kutengeneza kitu kama hicho?"

Lilikuwa ombi la kwanza tangu mazishi. Hellen alisema atajaribu. Akakata simu, akakaa kitandani, akacheka peke yake.

Aliifikiria usiku na mchana. Mwisho aliiona yote, kama anavyoona mabega ya mtoto. Mgongo na mikono angeifuma kwa mwili wa Chelimo wa zamani, mwembamba. Vipande viwili vya mbele visingekutana. Katikati yake angeweka kipande cha tatu, chembamba kifuani na kipana chini kama upande wa hema, chenye tundu za vifungo kushoto na kulia. Vifungo angevipanga safu mbili, ili tumbo likiongezeka Chelimo ahamie safu ya nje. Akishazaa, anakitoa kile kipande, mbele zinakutana, na anabaki na kadigani ya kawaida inayofunguka vizuri kwa kunyonyesha. Na kile kipande chenyewe, ukikitandaza, kinamfunika mtoto mchanga kichwa hadi miguu.

Kilichobaki ni uzi. Alikwenda kwa Ciru.

"Nataka uzi usiowasha."

"Usiowasha uliisha duniani," Ciru alisema, akitupa sweta huku na huku juu ya turubai. "Siku hizi hata kondoo wa Ulaya wanavaa nailoni. Shika hii."

Hellen aliishika, akaisugua shavuni, akairudisha.

"Hiyo ni ya kumwadhibu mtu."

"Mama Chelimo, wewe unafumia binti ama malkia?"

"Ngozi ya mimba inawasha yenyewe bila kusaidiwa."

"Basi subiri bando lingine la mitumba. Labda Mungu atamwonea huruma mjukuu wako."

Bando lingine lilikuja, na lingine. Baridi haikungoja. Jioni moja Hellen alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa sweta ya Kipchumba. Alikaa nayo muda mrefu, imelala mapajani. Ilikuwa laini kuliko alivyokumbuka. Harufu ya mwanawe ilikuwa imeshatoka zamani. Ilinukia moshi na sabuni, harufu ya nyumba.

Wengine wangesema alikuwa na wazimu, na yeye mwenyewe usiku ule wa kungoja simu alijiita hivyo. Lakini jioni ile mambo yalionekana wazi kabisa. Neno la kumwomba msamaha binti yake lilikuwa limekataa kutoka kinywani kwa miaka. Basi lipite mikononi. Kipchumba mwenyewe amkumbatie dada yake, amkinge na baridi, kama alivyokuwa amekwenda kumkinga na mvua. Chelimo hatajua. Lakini mwili wake utajua, na labda kile kilichogeuka jiwe ndani yake kitalainika. Hivyo ndivyo Hellen alivyofikiri. Akatafuta ncha ya uzi shingoni pa sweta, akaivuta.

Uzi uliokaa miaka kwenye sweta hauwi tena mnyoofu. Ulitoka umejikunja, kila kitanzi kikikumbuka mahali pake. Aliufua, akauanika ukiwa umefungiwa jiwe chini mpaka ukanyooka. Kisha akachemsha rangi ya buluu kwenye sufuria kubwa na kuutumbukiza. Ulitoka karibu mweusi, manjano hayaonekani. Viwiko vyenye viraka havikufaa, akaviweka kando, na uzi ukatosha hivi hivi. Hakuwa amewahi kupaka rangi uzi wa nguo ya mtu mzima wakati maji yamekatika kijijini. Aliusuuza mara moja, maji yakatoka buluu, akausuuza mara ya pili, yakatoka buluu, ndoo ikaisha. Akasema itashika ikikauka.

Siku ya kumjaribisha, Adoyo alikuwa ameshafika Munyaka na magunia yake. Alikuwa mwanamke mkubwa, mcheshi, anayesema kila kitu kinachopita kichwani.

"Mama Chelimo, sisi hatufumi za baadaye," alisema, akikigeuza kile kipande. "Mtu hajafika, umeshamtandikia."

"Si ya mtoto. Ni ya mama yake."

"Na hiki?"

"Ni cha tumbo."

"Tumbo la nani? Hiki kinafunika gunia la omena."

Chelimo alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, cha kuinamisha kichwa. Alivaa, Hellen akamfunga vifungo vya kushoto kisha vya kulia, na kadigani ikamkaa, tumbo limeenea ndani yake bila kubanwa. Chelimo alijigeuza mbele ya kioo cha ukutani. Alipapasa mkono wa kadigani.

"Ni laini, Mama. Umetoa wapi uzi kama huu?"

"Nilikuwa nao."

Chelimo aliinua mkono ule hadi puani, akafumba macho. "Inanukia nyumbani," alisema. Kisha akauchukua mkono wa mama yake na kuuweka ubavuni, mahali mtoto alipokuwa anapiga teke. "Nikizaa, Mama Johnstone akirudi, uje ukae na mimi. Utakuja?"

"Nitakuja."

Hapo ndipo angesema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Adoyo alikuwa anaimba jikoni, chai ilikuwa inachemka, Chelimo alikuwa anatabasamu, na Hellen aliona uchoyo wa ajabu ukimshika: hakutaka kuiharibu saa ile. Chelimo aliivaa kadigani mchana, akalala nayo usiku, mpaka siku ya uchungu wenyewe.

Ndiyo maana usiku ule wa simu ya Adoyo Hellen hakulala. Alikuwa Mkristo, alikuwa ameimba kwaya, na kama mtu angemuuliza mchana kweupe, angesema wafu hawana kazi na watoto wachanga. Lakini usiku, peke yake, malori yakipita, aliona midomo ya buluu na akamwona Kipchumba akivuka barabara, akaomba radhi sasa kwa huyu, sasa kwa yule. Jogoo waliwika. Wanafunzi walianza kupita. Mteja aligonga, akaondoka.

Jua lilikuwa limeshapanda Johnstone alipopiga.

"Mama, pole sana. Simu zote ziliisha moto, ndio nimechaji sasa. Mtoto ako sawa."

Hellen alishika simu kwa mikono miwili.

"Mama? Uko? Ni rangi. Ni rangi ya hicho kitambaa, Mama. Mama yangu alimfunika karibu na jiko, mtoto akatoka jasho, tena akanyonya ukingo. Nesi amempangusa na pamba yenye maji, pamba ikawa buluu, mtoto akawa mtoto. Nesi amecheka mpaka akakaa. Anasema hata yeye aliwahi kununua jinzi mpya ikampaka miguu buluu."

Hellen alicheka huku akilia, akaketi chini palepale kwenye sakafu. Alichemsha uji, akanywa wote kutoka kwenye sufuria. Asubuhi ile yote alifuma kwa kasi na kosa halikuwepo hata moja.

Mchana, Chelimo akapiga.

"Mama, ile kadigani uliipaka rangi?"

"Niliipaka. Nisamehe, mwanangu, maji yalikuwa yamekatika, sikuisuuza vizuri."

"Kwa nini uliipaka?"

"Ilikuwa imefifia."

Nyuma ya Chelimo mtoto alikuwa anaguna.

"Nimeiosha na maji moto. Maji mengi, mpaka yakatoka safi." Sauti yake ilikuwa ya Jumapili, ile ya kuuliza ng'ombe. "Imebaki damu ya mzee. Iko na manjano ndani."

Hellen alishika ukingo wa mashine.

"Ni ya Kipchumba," Chelimo alisema.

"Chelimo, sikiliza..."

"Nimelala nayo. Nimebeba mtoto ndani yake. Nikasema inanukia nyumbani, na wewe ulikuwa umesimama hapo unaniangalia."

"Nilitaka..."

"Ulitaka nisisahau. Sijasahau, Mama. Hakuna siku nimesahau. Hukuhitaji kunifunga vifungo huku na huku."

Hellen alifungua kinywa. Yote aliyokuwa amefikiri jioni ile ya sanduku, yale yaliyokuwa wazi kabisa, hayakupatikana hata moja. Alipopata la kusema, simu ilikuwa imekatwa.

Alipiga jioni. Alipiga kesho yake. Johnstone alimjibu kwa ujumbe: Mama, mpe muda kidogo. Hellen alimpa muda kwa kadiri ya nguvu zake, ambazo hazikuwa nyingi. Alikuwa mtu wa kuangalia, na pale hapakuwa na cha kuangalia, simu tu iliyolala juu ya meza. Jumapili ilikuja, ya kwanza bila salamu za ng'ombe. Jumatatu alifunga duka, akachukua unga wa wimbi wa uji wa mzazi, akapanda gari la Eldoret.

Munyaka palikuwa na wingu zito. Nyumba ya akina Chelimo ilikuwa ya katikati katika safu ya nyumba za kupanga, mlango wa chuma wa kijani, dirisha lenye vyuma kando yake. Kwenye kamba nguo za mtoto zilikuwa zimejaa, nyeupe na njano, na Hellen alizipitisha macho moja moja kabla ya kugonga.

"Nani?" Sauti ya Adoyo.

"Ni mimi, Mama Johnstone."

Ndani watu walinong'ona. Kiti kilisogezwa. Kisha pazia la dirisha likasogea, akaonekana Adoyo, bila kicheko chake.

"Mama Chelimo, karibu," alisema kwa mazoea, halafu akaona aibu kwa neno lenyewe. "Umekujaje na hii mvua inakuja?"

"Nimeleta unga wa uji."

"Pitisha hapa."

Hellen aliupitisha katikati ya vyuma. Adoyo aliupokea, akauweka chini, akainuka na mfuko wa plastiki, akaupitisha upande wa pili.

"Amesema nikupe hii."

Ndani ya mfuko kulikuwa na madonge ya uzi wa damu ya mzee yenye manjano. Yalikuwa yamekunjwa vizuri, kila donge na shimo la kidole gumba katikati, jinsi Hellen alivyomfundisha Chelimo kukunja alipokuwa hajaota hata meno ya pili. Alikuwa ameifumua yote, mgongo, mikono na mbele, na mtoto mchanga kifuani.

"Mimi hayo mambo siyaamini," Adoyo alisema kwa sauti ya chini, "lakini pia siyajaribu. Ungeniuliza ningekuambia usifanye. Nguo ya marehemu, kwa mwenye mimba?"

"Najua."

"Basi ulijua ukafanya." Akatikisa kichwa. "Lakini usiende kwenu ukasema ni Mjaluo amekufungia mlango. Si mimi nimefunga. Mimi nimesema afungue. Nimesema tangu Jumamosi, ukija akufungulie."

Hellen alipima mfuko mkononi. Mkono wake ulikuwa umeshika uzi ule mara nyingi mno, ukiwa koti, ukiwa sweta, ukiwa kadigani. Mfuko ulikuwa mwepesi kuliko unavyopaswa.

"Na kile kipande cha mbele?"

"Kipande gani?"

"Cha tumbo. Kile mtoto alichokuwa amefungwa."

"Hiyo ndiyo yote amenipa," Adoyo alisema. Aligeuka akatazama ndani, kisha akamtazama tena Hellen, na ilikuwa wazi kwamba hajui. Huenda kilitupwa kule hospitali. Huenda kilichomwa. Huenda kiko mahali ndani ya nyumba ile ambapo mama mkwe hafungui. Hellen hakupata wa kumuuliza.

Mtoto alilia. Hakikuwa kilio cha ugonjwa. Kilikuwa cha njaa tu, kikali, chenye afya. Hellen alisogea dirishani bila kujua. Hakuona kitu, pazia tu. Kilio kikakatika ghafla, kama kinavyokatika mtoto akipata ziwa, na alijua basi kwamba Chelimo yuko hatua chache kutoka pale, amekaa, kifua kimefunguka, katika baridi ile, na hakujua amevaa nini.

Matone ya kwanza yalipiga bati. Adoyo aliangalia juu.

"Chelimo," aliita, "mama yako ananyeshewa."

Mvua ilijikusanya, ikashuka. Nguo za mtoto kwenye kamba zilianza kulegea, na Hellen aliweka mfuko kwapani, akazianua haraka, akazikunja, akazipitisha katikati ya vyuma kwa Adoyo, vipande vyote, mpaka kamba ikabaki tupu. Yeye mwenyewe alikuwa ameshalowa mabega.

"Chelimo, jamani," Adoyo alisema.

Hatua zilikuja. Hellen aliacha dirisha akasimama mbele ya mlango, akafuta uso kwa kiganja, akanyoosha kitambaa cha kichwa. Hatua zilisimama upande wa pili wa chuma. Karibu sana. Alisikia mtoto akimeza.

"Mvua haiui mtu, Mama," Chelimo alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida.

Hellen aliweka kiganja juu ya mlango. Chuma kilikuwa baridi. "Nilikosea kusema vile," alisema. "Siku ile. Nilikosea, Chelimo. Haikuwa wewe." Lilitoka jepesi hivyo, baada ya miaka yote, na wakati ule ule mvua ilianza kupiga bati kwa nguvu yake yote, mabati ya safu nzima yakanguruma, hata yeye hakujisikia. Alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akangoja. Hakujua kama kuna mtu bado amesimama pale au hatua zilikuwa zimeshaondoka. Mvua ilifunika kila kitu.

Adoyo alishusha pazia polepole, kama mtu anayefunika maiti.

Mfuko ulikuwa na tundu, na uzi ule, ukilowa kwenye madonge, huoza. Hellen aliuingiza ndani ya kadigani yake mwenyewe, tumboni, akajaribu kufunga vifungo juu yake. Havikufika. Alivuta upande huu, akavuta upande ule, mwisho akashika mbele zote mbili kwa mkono mmoja na kuzibana, akaegemea ukuta chini ya ukingo wa bati ambapo mvua bado ilimfikia miguuni. Akabaki anautazama mlango. Haukufunguka.